Nitakaa Mimi

Kaka yangu alifariki Nyakahanga msimu wa senene, na mimi nilifika hospitalini akiwa bado ananitambua. Nilikuwa nimetoka mbali. Nilikuwa mhadhiri msaidizi wa falsafa Dar es Salaam, na chuo kilikuwa kimenipeleka Ulaya kuandika tasnifu ya shahada ya uzamivu. Telegramu ilinikuta huko, nikaomba ruhusa ya wiki sita. Msimamizi wangu, mzee mpole aliyezoea kuzungumza akiangalia dirishani, aliniambia nichukue muda nitakaouhitaji. Nilimwachia vitabu vyake, nikabeba rasimu ya sura mbili za kwanza ili nizisahihishe njiani.

Tasnifu yangu ilihusu sentensi za "kama". Si "kama" ya kawaida, ya mtu anayesema kama mvua ikinyesha hatutakwenda shamba. Nilizishughulikia zile za jambo ambalo halikutokea: kama ingenyesha, tusingekwenda. Mvua haikunyesha, na shamba tulikwenda. Sasa mtu anaposema sentensi hiyo amesema kweli au uongo? Na ni kitu gani duniani kinachoifanya iwe kweli, ikiwa inazungumzia jambo ambalo halimo duniani? Watu huona swali hili ni la kuchekesha. Mimi lilinishika tangu nikiwa msichana wa sekondari, mwaka wa vita, 1978. Tulikuwa tumejificha migombani, mama, kaka na mimi, tukisikia mizinga upande wa mpakani. Mama akasema, "Kama baba yenu angekuwa hai, tungekuwa tumeshakimbia." Kaka akamuuliza, "Tungekuwa tumekimbilia wapi?" Mama akatuinamisha vichwa. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba mama amesema jambo ambalo lina jibu, ila hakuna mahali pa kwenda kulitafuta.

Tulimzika kaka kwetu Kamuli, ambayo siku hizo ilikuwa bado sehemu ya Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilikuja baadaye sana. Aliacha mke na binti mdogo ambaye alikuwa hajaanza kusema vizuri. Ugonjwa uliomuua haukutajwa msibani. Kila mtu aliujua, maana haikuwepo nyumba ya jirani ambayo haukuwa umeipitia, na kila mtu alitafuta neno lingine la kuuita. Palipokosekana neno, palitafutwa mtu, na mtu aliyepatikana kwetu alikuwa wifi yangu.

Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda akiwa mgongoni, wakawa vibarua wa kulima kahawa za watu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kuinua nyusi badala ya kujibu. Kaka alimwoa bila kuwasikiliza wakubwa. Katika matanga nilimsikia mama yangu mwenyewe akiwaambia wanawake waliokaa naye kwenye majani, "Asingemwoa huyu, mwanangu angekuwa hai." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Wifi alikuwa hatua chache tu, anamenya ndizi. Kisu chake hakikusimama.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo aliita kikao cha ukoo. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mtu wa kanisani, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na heshima ya kweli; hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Tulikaa uani. Kahawa za kutafuna zilizungushwa, wazee wakachukua, wakatafuna. Kikao kiliendeshwa kwa Kinyambo, na baba mdogo alieleza shauri kwa utaratibu. Marehemu hana mtoto wa kiume. Mjane ni mtu wa kuja, na afya yake haijulikani. Kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba, ni cha ukoo. Basi mjane arudi kwa wazazi wake, mtoto abaki kwa bibi yake, na kibanja kiwe chini ya uangalizi wake yeye, baba mdogo.

"Binti yetu ndiye msomi wa nyumba hii," akamaliza. "Nasi tungependa kumsikia."

Niliinuka. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu tangu asubuhi, nikizipanga kama nilivyofundishwa.

"Shikamooni wazee. Baba mdogo, watu wanasema asingemwoa huyu angekuwa hai. Ninaomba kuuliza, wanajuaje? Kaka alikuwa akisafiri na kahawa mpaka Bukoba, na mara nyingine akivuka mpaka kwenda Uganda. Tunajuaje nani alimletea mwenzake?"

"Hatujui," baba mdogo akakubali.

"Basi, kama hatujui, hatuwezi kusema angekuwa hai."

Alinitazama kwa upole, akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha.

"Na wewe mwanangu, unajua kwamba asingekuwa hai?"

"Sijui."

"Basi tumelingana. Tuyaache ya huko ambako hakuna aliyefika. Mimi nauliza ya hapa. Huyu mwanamke akiugua, nani atamuuguza? Akifa, nani atalea mtoto? Mama yako mgongo umeshapinda. Nani atapogolea migomba? Nani atachuma kahawa? Niambie mtu, nami nitanyamaza."

Kwa desturi yetu ya wakati ule mwanamke hakuweza kuuza ardhi ya ukoo, lakini binti aliyezaliwa ndani ya nyumba aliweza kukaa kwenye kibanja cha baba yake na kula humo. Mradi awepo. Wazee wote waliijua kanuni hiyo, na mimi niliijua. Nilimtazama wifi. Alikuwa amesimama mlangoni, amembeba binti yake, ameinua nyusi, haombi chochote.

"Nitakaa mimi," nikasema.

Ilikuwa sentensi fupi kuliko zote nilizosema siku ile, na ndiyo pekee iliyoandikwa vichwani mwa watu. Wazee wakaitikia. Mtu akaleta rubisi, pombe ya ndizi. Mama hakugeuka kunitazama.

Niliamini nitakaa mwaka mmoja. Nilimwandikia msimamizi wangu nikamweleza kwamba pana mgonjwa wa kuuguza na mtoto wa kulea, akanijibu kwa maneno mazuri ya pole. Nikatafuta kazi. Wazazi wa eneo letu walikuwa wamefungua shule ya sekondari mlimani, madarasa mawili na nusu, na mkuu wake alifurahi sana kuona mtu mwenye shahada mbili ameshuka kwenye lori la kahawa.

"Umesomea nini, mwalimu?"

"Falsafa. Hasa mantiki."

Akafikiri. "Hiyo hatuna. Utatusaidia Kiingereza na Siasa."

Nilijaribu mara moja kuwafundisha mantiki, katika kipindi cha Siasa. Niliandika ubaoni: mvua ikinyesha, njia huteleza. Njia inateleza. Je, tunaweza kusema kwa uhakika kwamba mvua imenyesha? Darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Nikawaambia hapana, huenda mtu amemwaga maji, huenda ni umande. Msichana wa mbele akanyoosha mkono, akaonyesha juu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba nilikuwa nimesimulia somo lote kwa kupiga kelele. Walicheka, nami nikacheka nao, na nilipokuwa nikirudi nyumbani katika utelezi huo huo kicheko chote kiliniishia. Niliona kwamba sina mtu, kuanzia pale hadi Bukoba ziwani, ambaye ningeweza kumweleza nilichokuwa ninajaribu kusema.

Kifungo changu hakikuwa na mlango wa kuonyesha watu. Nilikuwa nyumbani kwetu, nakula ndizi za kwetu, naheshimiwa. Asubuhi nilisimama kwenye kahawa nikisikia basi likipanda kilima kuelekea mjini Kayanga, linabadilisha gia, linapanda, linapotea, na mwili wangu mzima ulikuwa umelifuata. Halafu mama alikuwa akiita kwamba ng'ombe wa jirani ameingia. Ilipita misimu. Wifi hakuugua. Kila homa yake ilitushtua, tukamtazama, akapona, akarudi shambani. Nilikuwa nimebaki kwa ajili ya jambo ambalo lilikuwa litokee, na halikutokea, na halikukoma kutarajiwa.

Siku moja tulipokuwa tunaanika kahawa, wifi akasema bila kuinua kichwa, "Wifi, wewe unangoja nife ndipo uondoke."

"Nangoja mtoto akue."

"Atakua polepole huyo," akasema, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu nimjue. Tukaendelea kutandaza kahawa. Tangu siku ile tukawa watu wawili wanaoweza kukaa pamoja. Alinifundisha kupanga matandazo ya majani yasiozeshe shina la mgomba, kazi ambayo sikuwahi kuipenda wala kuimudu. Nami nilimfundisha kusoma Kiswahili cha magazeti, ambacho alikidharau.

Jumapili mchana, watu wakiwa wamepumzika, nilikuwa naweka meza karibu na dirisha nikifungua tasnifu yangu. Wifi alipenda kuuliza. "Leo imesema nini?" Hivyo nikamweleza siku moja, kwa Kinyambo, jambo ambalo wanafalsafa wengi wa wakati ule walilikubali. Nikasema, tuchukue kwamba ulimwengu huu si pekee uwezao kuwapo. Fikiria ulimwengu mwingine unaofanana na huu kwa kila kitu, vilima hivi hivi, watu hawa hawa, ila kuna jambo moja limekwenda tofauti. Ukisema "kama ingenyesha tusingekwenda shamba," unasema kwamba katika ulimwengu ulio karibu sana na huu, ambamo imenyesha, hatukwenda.

Sikujua kwamba mama amesimama mlangoni.

"Katika huo ulimwengu wako," akasema, "mwanangu yuko hai?"

Ningeweza kusema hapana. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la taaluma yangu, na nililijibu kitaaluma.

"Katika baadhi yake, mama, ndiyo."

"Anakula?"

"Mama—"

"Nauliza anakula? Anaye mama huko?"

"Yuko mtu kama wewe."

Alishika fremu ya mlango. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na mtu asiyemtarajia. "Mtu kama mimi anampikia mwanangu," akasema polepole, "na wewe umekwenda kusomea hayo." Kisha akaja mezani, hakugusa karatasi, akazitazama tu. "Usiyalete tena ndani ya nyumba hii."

Sikuyaleta. Kwa siku nyingi mama alikuwa ananisemesha kupitia mtoto. "Mwambie shangazi yako chakula kiko tayari." Nilifunga rasimu katika mfuko wa nailoni, nikaipeleka shuleni, nikaiweka kabatini pamoja na chaki. Lakini kule shuleni nilikuwa na daftari za kusahihisha, na ukweli ni kwamba baada ya siku ile kila nilipoandika mstari nilimwona mtu kama mama akimpakulia kaka chakula, nikashindwa kuendelea. Msimamizi wangu aliandika kuuliza lini. Nikajibu, msimu ujao. Akaandika tena. Mwishowe idara yake ikaniarifu, kwa lugha ya adabu sana, kwamba nafasi yangu imefungwa. Niliisoma barua hiyo kibarazani kwa mkuu wa shule. Aliniuliza kama ni habari mbaya. Nilisema ni ya kazi tu.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza wifi alipopata homa kali ya malaria, tukampeleka Nyakahanga kwa gari dogo la mizigo. Alipopata nafuu muuguzi mmoja akamshauri apime na ule ugonjwa mwingine, kwa kuwa kipimo sasa kipo. Wifi aliinua nyusi kunitazama mimi. Nikamwambia ni uamuzi wake. "Kila mtu ameshaniamulia," akasema. "Ngoja na mimi nijue."

Siku ya majibu nilikaa nje kwenye benchi na wagonjwa wengine. Alitoka akitembea kama kawaida, akanipita, akaenda mpaka barabarani. Nikamfuata. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto.

"Sina," akasema.

"Huna?"

"Sina kitu. Wamepima mara mbili." Akaanza kung'oa nyasi, moja moja. "Miaka yote hii nilikuwa nalala kama maiti ili nizoee."

Nilimshika bega. Tulikaa pale hadi gari la kurudi likapita na kutuacha. Nilifurahi, tena sana. Na ndani ya furaha ile, pembeni kabisa, palikuwa na kitu kinachohesabu: sasa hakuna wa kuuguza, hakuna yatima wa kulea, masharti yote mawili ya ahadi yangu yameanguka. Nikaona basi. Nikaona Dar es Salaam. Wifi naye alikuwa amefika huko huko. "Sasa nenda kazini kwako," akaniambia.

Nilikwenda kwa baba mdogo siku iliyofuata nikiwa na habari njema mdomoni. Alinikaribisha, akanisikiliza, akamshukuru Mungu kwa dhati. Kisha akasema, "Basi hili ni gumu zaidi."

"Gumu vipi, baba mdogo?"

"Mgonjwa angekaa pale amalize siku zake, nani angemfukuza? Lakini huyu ni mzima, bado kijana. Ataolewa. Ataleta mwanaume kwenye kibanja cha kaka yangu, azae naye, na sisi tutakwenda kuomba ndizi kwa watu tusiowajua. Wewe ukiwepo, kibanja kina mwenyewe. Ukiondoka, mimi itanibidi nikichukue. Si kwa ubaya, mwanangu."

Nilirudi nikipitia njia ya bondeni nisikutane na watu. Alipodhaniwa mgonjwa nilibaki kwa sababu ni mgonjwa. Sasa ni mzima, nibaki kwa sababu ni mzima. Katika mantiki, jambo linalofuata kutoka kwa sharti, na pia kutoka kwa kinyume cha sharti hilo, hilo halitegemei sharti kabisa. Lipo tu. Nilisimama katikati ya bonde nikajiambia kwamba nitazeeka Kamuli. Sikulia. Nilikwenda kuchota maji kwa sababu zamu ilikuwa yangu.

Nilikaa hivyo mwaka mwingine na zaidi. Sikuwaambia mama na wifi maneno ya baba mdogo. Nilisema tu kwamba chuo hakijanijibu. Wifi ndiye aliyeyapata kwa wanawake kisimani, akaja nayo nyumbani, akayaweka mbele ya mama tulipokuwa tunakula. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa sasa anatembea kwa fimbo, na mtu aliyemwogesha, kumpaka mafuta mgongoni na kugombana naye kila siku juu ya chumvi alikuwa wifi, si mimi. Sijui siku gani hasa aliacha kumlaumu. Hakuwahi kulitamka.

Asubuhi yake akamtuma mtoto kwa baba mdogo na kwa wazee, wakutane kwake. Hakuna aliyewahi kusikia mwanamke ameita kikao cha ukoo, na nadhani ndiyo sababu walikuja wote. Mama alikaa kwenye kiti, fimbo mapajani.

"Shemeji," akamwambia baba mdogo, "nimesikia unakitaka kibanja."

"Sikitaki, shemeji. Nakilinda."

"Kinalindwa. Huyu," akamwonyesha wifi kwa fimbo, "ndiye amekilinda. Wote mmeziona kahawa. Alizikuta zimezeeka, sasa mnakuja kuomba miche. Huyu ndiye mtoto wangu aliyebaki hapa. Yule mwingine mpelekeni kazini kwake, ananiharibia matandazo."

Wazee wengine walicheka. Baba mdogo hakucheka.

"Na akiolewa?"

"Akiolewa, atakuja kuniambia mimi. Nikiwa nimekufa, atamwambia mjukuu wangu. Na mtu akija kumtoa, anitoe mimi kwanza, na kabla hajanitoa nitakwenda Mahakama ya Mwanzo. Redio ninayo. Nasikia siku hizi wanawake wanakwenda."

Walibishana mpaka jua likageuka. Mwishoni baba mdogo alipewa kipande cha chini, chenye mikaratusi na kahawa za zamani za baba, na akakubali kwamba sehemu ya nyumbani isiguswe. Ilituuma, kwa sababu kipande kile ndicho kilicholipia shule yangu. Wifi alisema ni sawa, mikaratusi inanyonya maji. Mimi nilisimama pembeni. Hakuna aliyeniuliza maoni yangu, na nilijua kwamba nimefunguliwa.

Niliondoka mwanzoni mwa muhula. Mtoto alinisindikiza hadi barabarani akiwa na sare yake ya shule, mama hakutoka, wifi alinipa ndizi za kuchoma na kuniambia nisikae dirishani kwa sababu ya vumbi.

Chuo kilinipokea. Walinipa cheo changu cha zamani na ofisi ya watu watatu. Wanafunzi niliosoma nao walikuwa sasa wakuu wa idara, waliniita dada kwa heshima ambayo ilinichoma. Wiki ya kwanza nilikwenda maktaba kusoma majarida niliyoyakosa. Majarida mengi hayakuwepo, fedha za kigeni zilikuwa zimekatika, lakini yaliyokuwepo yalitosha. Katika mojawapo nilikuta hoja ya sura yangu ya pili. Haikuibwa, mwandishi hakujua kama nipo. Alikuwa amepita njia ile ile kwa miguu yake, mfano mwingine, maneno mengine, hatua zile zile, na alikuwa amefika mwisho ambao mimi nilikuwa sijaufikia. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa nzuri. Nikairudisha rafuni, nikaenda darasani, nikafundisha saa mbili.

Nilianza tasnifu upya, palepale Dar es Salaam, juu ya jambo lingine: ahadi, na kinachoifunga ahadi sharti lake linapoanguka. Iliandikwa polepole, kati ya mitihani na semina na vikao vya kamati. Nilitunukiwa shahada ya uzamivu mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na mvi. Mtahini wa nje alitaka kujua kwa nini kuna pengo refu hivyo katika wasifu wangu. Nilimwambia nilikuwa nyumbani. Akafungua ukurasa mwingine.

Nilipiga simu kwa mkuu wa ile shule mlimani, ambayo sasa ilikuwa na laini, nikaomba mama aitwe. Ilichukua muda mrefu mpaka afike. Nilimwambia nimemaliza. Akasema vizuri, na wifi yako anakusalimu, na mtoto amefaulu. Hakuuliza niliandika juu ya nini. Aliuliza kama sasa wataniruhusu kwenda nyumbani Krismasi.

Nilisema wataniruhusu. Mwezi Desemba kikao cha kamati ya mitihani kilisogezwa hadi wiki ya Krismasi, na mimi nilikuwa nimefanywa katibu wake.